Anayegonga Atoke

Kashindye alikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha filamu na michezo ya video jijini Mwanza, na masomo yake yalimshinda hata shangazi yake kuyaeleza kwa majirani. "Anasomea sauti," Shangazi Suzana aliwaambia wanawake wa Kiseke. Walipouliza kama ni kuimba, alisema hapana, si kuimba, ni zile sauti nyingine. Zile nyingine ndizo zilikuwa kazi yenyewe. Mtu akivunjika mkono kwenye filamu, kuna mtu amekaa chumbani akivunja karoti mbele ya maikrofoni. Nyumbani kwa shangazi hapakuwa na sufuria ambayo Kashindye hajaigonga, wala ndala ambayo hajaikokota sakafuni huku kinasa sauti kikiwaka.

Mwalimu Nestory, aliyewafundisha sauti, alipotoa kazi ya mwisho wa mwaka aliweka sharti moja. Kila mwanafunzi wa sauti angeungana na mwanafunzi wa kutengeneza gemu, na gemu hilo lingechezwa ukumbini na watu wa nje.

"Sitaki sauti za kupakua mtandaoni," alisema. "Hizo nazijua zote. Ule mlango unaolia, kila mtu anao. Nendeni mkatafute za kwenu."

Kashindye aliungana na Victor, kijana mtaratibu kutoka Musoma. Gemu la Victor lilikuwa la dada anayemtafuta kaka yake katika kijiji kilichofunikwa na ziwa. Mchezaji anatembea chini ya maji, mbele yake haoni hata hatua tatu, na kinachomwongoza ni masikio tu.

"Kwa hiyo gemu lote ni wewe," Victor alimwambia. "Mimi nimeweka giza basi."

Sauti za chini ya maji hazipatikani kwa maikrofoni ya kawaida, na ya majini chuo hakikuwa nayo. Kashindye akajitengenezea. Alichomoa kile kidude cha bati kilichomo ndani ya kengele ya geti iliyokufa, akakichomelea waya, akakizungushia gundi na kipande cha mpira wa baiskeli ili kisiingize maji. Alikijaribu kwenye pipa la shangazi. Akasikia matone yakianguka kama mawe, akacheka peke yake.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, alikwenda kwenye mwalo mdogo wa wavuvi mbele ya Igombe, ambako shangazi yake alikuwa akinunua dagaa. Muuza dagaa wao alikuwa mama mmoja Mjaluo wa Rorya, mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyejulikana pale kwa jina la binti yake, Mama Favour. Kashindye alimkuta akigeuza dagaa juani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Suzana hajambo? Leo umekuja na mikoba kama fundi umeme."

Kashindye akamweleza anachotaka: mtu wa kumpeleka majini kwa mtumbwi wa makafi, usio na injini, mahali palipotulia. Mama Favour hakufikiri mara mbili. Aliita kwa mkono, na mwanamume wa makamo, mwenye mabega mapana na kichwa chenye mvi kidogo, akaja akijifuta mikono kwenye kaptula.

"Huyu ni shemeji yangu Chenge," alisema Mama Favour. "Alikuwa akivua na mume wangu, Obiero. Ziwa lilipomchukua mume wangu, miaka saba sasa, huyu ndiye aliyetushika mkono. Hakuna wiki inayopita bila kutuletea samaki. Ada ya Favour shuleni, huyu. Bati za nyumba, huyu."

Chenge alikuwa akitazama mchanga. "Twende binti, kabla upepo haujaamka," alisema.

Walikwenda wakipakana na ufuko. Kashindye alitumbukiza waya wake mara mbili, na mara zote mbili alipata kelele tu, mawimbi yakipiga ubavu wa mtumbwi. Mbele yao palikuwa na mawe makubwa yamesimama majini, yamebebana kama yalivyo mawe ya Mwanza, na nyuma yake maji yalikuwa yamelala kabisa.

"Pale baba. Nyuma ya mawe."

"Pale hapana."

"Kuna nini?"

"Nyavu hunasa."

"Mimi sina nyavu, baba. Nina waya tu."

Kashindye akamwambia habari ya mwalimu wake na ya mtihani, na kwamba dakika ishirini zingemtosha. Mwisho Chenge alipiga kafi, lakini alipofika nyuma ya mawe aliketi akiwa ameyapa mawe mgongo, uso wake ukitazama nchi kavu.

Kashindye alishusha waya hadi ukaisha, akavaa hedifoni. Chini kulikuwa na ulimwengu mwingine. Kokoto zikisagana, samaki wadogo wakila kitu kwenye jiwe kwa sauti kama ya kukwangua sufuria, na mbali sana, injini ya boti kama mtu anayekoroma. Alifumba macho. Dakika kama ya kumi na moja akasikia mtu anagonga ubao.

Alikasirika. Alimgeukia Chenge ili amwombe atulie. Chenge alikuwa amekaa vile vile, mikono yote miwili juu ya magoti, kafi limelazwa mbele yake.

"Baba, umegonga?"

"Sijagonga," alisema Chenge haraka, na hakuuliza kugonga nini. "Inatosha. Twende." Kashindye alimbembeleza mpaka dakika zake ishirini zikatimia.

Nyumbani Kashindye alifungua faili kwenye kompyuta na kuitafuta ile dakika ya kumi na moja. Haikuwa ndoto yake. Kulikuwa na midundo mitano ya kugonga: miwili ya taratibu, kisha mitatu ya haraka. Ko. Ko. Kokoko. Kisha kimya, kisha tena.

Alifanya alichofundishwa. Aliondoa mvumo wa maji, akaondoa ile injini ya mbali, akaupandisha mdundo ule peke yake na kuusikiliza polepole, kama mtu anayetafuna kitu asichokijua. Sauti hubeba chumba chake. Ukipiga makofi kanisani na ukapiga makofi kabatini, ni mikono ile ile lakini sikio linajua uko wapi. Aliyegonga hapa alikuwa akigonga ubao mnene, kwa vifundo vya vidole, mahali padogo sana penye hewa kidogo na maji pande zote. Aliisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Jumatatu aliipeleka kwa Mwalimu Nestory.

Mwalimu aliweka hedifoni, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alirudia mara mbili.

"Umepata wapi hii?"

"Ziwani. Lakini sijui ni nini, mwalimu. Sikiliza mwangwi wake. Huyu hayuko nje. Sio mtu anayegonga mlango ili aingie. Ni mtu anayegonga atoke."

Mwalimu Nestory alivua hedifoni na kuziweka mezani kwa uangalifu. "Itakuwa mbao iliyonaswa kwenye mawe, inapigwa na maji," alisema. Baadaye, Kashindye alipokuwa mlangoni, akaongeza, "Ila usiifute. Hiyo ndiyo gemu lenu."

Na kweli ikawa ndiyo gemu. Victor aliuweka mdundo ule kuwa sauti ya kaka aliyepotea. Mchezaji akiukaribia unakua, akiuacha unafifia. Wanafunzi wenzao walijipanga kujaribu. Hakuna aliyesema ni mbaya, lakini hakuna aliyecheza mara ya pili. Msichana mmoja wa darasa la picha alivua hedifoni kabla hata ya kufika nusu, akaenda kukaa nje kwenye ngazi. Victor mwenyewe, siku aliyolicheza toka mwanzo hadi mwisho, alikaa muda mrefu akitazama skrini iliyozimika.

"Vipi?" Kashindye alimuuliza.

"Nilikuwa nataka kumfungulia," alisema Victor.

"Kumfungulia nini?"

"Sijui. Hakuna mlango. Nimetengeneza mwenyewe, najua hakuna mlango."

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kashindye alizoea kufanya kazi mchana sebuleni, hedifoni zikiwa masikioni, na sauti haikutoka nje hata chembe. Mchana mmoja alimwona Shangazi Suzana akitoka jikoni na mwiko mkononi, akafungua mlango wa mbele, akachungulia, akafunga. Baada ya robo saa akafanya hivyo hivyo. Mara ya tatu Kashindye alivua hedifoni.

"Shangazi, unamtafuta nani?"

"Kuna mtu anagonga. Nikifungua simwoni. Ni watoto wa jirani hawa."

"Anagonga vipi?"

Shangazi aliugonga mlango kwa mwiko wake. Miwili taratibu, mitatu ya haraka.

Kashindye alizima kompyuta. Alipoiwasha siku iliyofuata aliisikiliza faili yote toka sekunde ya kwanza, bila kuruka. Alikumbuka vizuri kwamba midundo ilikuwa dakika ya kumi na moja, ikajirudia mara nne, ikaisha. Sasa aliikuta dakika ya kumi na nne pia. Na ya kumi na saba. Ile ya kumi na saba ilikuwa dhaifu, na kati ya ule wa pili na ile mitatu kulikuwa na nafasi ndefu, kama mtu aliyepumzika kwanza ili apate nguvu. Huenda hakuwa ameisikiliza yote siku ya kwanza. Alijaribu kujiambia hivyo. Lakini aliona wazi kwamba hawezi kuendelea kuuza sauti ya mtu asiyemjua kwa ajili ya maksi.

Jumatano, wakati wavuvi wamekwisha kulala na kuamka, alirudi mwaloni na kompyuta mgongoni. Alimkuta Chenge akishona wavu kivulini, ubavuni mwa mtumbwi uliogeuzwa. Hatua chache kutoka pale Mama Favour alikuwa akizoa dagaa waliokauka na kuwatia kwenye gunia.

"Shikamoo baba. Kuna kitu nilikinasa siku ile, nataka unisaidie kukijua."

Chenge hakuitikia salamu. Alitazama mkoba, akaitazama njia, kama anayepima umbali. Lakini Kashindye alikwisha kumpa hedifoni, na labda miaka saba ni mingi, maana alizipokea na kuzivaa.

Kashindye alimwona akisikiliza. Mwanzo uso wake haukubadilika. Kisha sindano ya kushonea wavu ikaanguka kutoka vidoleni mwake, na midomo yake ikaanza kuhesabu. Moja, mbili. Tatu, nne, tano. Alizivua zile hedifoni kama zinamuunguza.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna aliyenituma, baba."

"Nani kakwambia?"

Sauti yake ilikuwa imepanda. Mama Favour aliacha gunia, akaja akijipangusa magamba mikononi. "Kuna nini, shemeji? Binti kafanya nini?"

"Ni sauti tu, mama," alisema Kashindye. "Niliinasa kule nyuma ya mawe. Nilidhani baba Chenge ataijua."

"Nipe na mimi."

"Usisikilize," alisema Chenge.

Mama Favour alimtazama kwanza kwa mshangao, kisha kwa namna nyingine. Akajikalisha mchangani, akanyoosha mkono. Kashindye alimvika hedifoni, akabonyeza. Alitamani asingebonyeza, lakini mama yule alikuwa ameomba, na ile ilikuwa haki yake kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Hilo Kashindye alikuwa bado hajalijua. Alilijua pale, alipouona uso wa Mama Favour ukifunguka kama wa msichana.

"Ni Obiero," alisema. Alikuwa akitabasamu na machozi yakimtoka. "Hivi ndivyo anavyogonga. Akirudi kutoka ziwani, mlango wangu aliugonga hivi, miwili na mitatu. Kanisani alikuwa mpiga ngoma, mkono wake haukuwahi kutulia. Shemeji, ni Obiero!"

Chenge alikuwa amesimama ameupa mgongo mtumbwi uliogeuzwa.

Mama Favour alisikiliza tena. Tabasamu likaanza kumtoka polepole. Alikuwa mtu wa ziwani, amezaliwa ufukweni, anajua ubao unavyolia. Alivua hedifoni, akamgeukia Kashindye.

"Wewe unasomea sauti. Niambie ukweli. Hapa anapogonga, yuko wapi?"

Kashindye aliangalia mawe kule majini. Angeweza kusema hajui. Shangazi yake angemwambia aseme hajui.

"Yuko ndani, mama. Ndani ya kitu cha mbao kilichofunika, chenye hewa kidogo. Anagonga kutoka chini kwenda juu."

Mama Favour aliinuka, akaenda hadi kwenye ule mtumbwi uliogeuzwa, akaweka kiganja juu ya mgongo wake. Hakumpandishia Chenge sauti.

"Uliniambia wimbi lilimchukua mara moja. Uliniambia hakuteseka. Ulisema uligeuka na hukumwona tena."

"Ndivyo nilivyosema."

"Sasa sema vingine."

Chenge aliteremka taratibu, mgongo wake ukikwaruza mbao, mpaka akakaa chini. Alizungumza akiangalia mikono yake. Ilikuwa alfajiri, alisema, wanarudi na upepo mkali, na mtumbwi ukapinduka wakati wakipita nyuma ya mawe. Yeye alirushwa nje. Alipoibuka, mtumbwi ulikuwa umelala kifudifudi, akapanda juu ya mgongo wake na kuita. Aliyemjibu alikuwa chini yake. Mguu wa Obiero ulikuwa umesokotwa na nyavu, na alikuwa amebaki ndani, kichwa chake kwenye ile hewa iliyofungiwa juu ya maji.

"Alikuwa akigonga," alisema Chenge. "Nilikuwa nimekaa juu yake. Niliusikia kwenye mapaja yangu. Kisu ninacho kiunoni, mama Favour. Nilitakiwa nipige mbizi moja tu nikate wavu. Moja. Nikaogopa. Nilisema nikizama na mimi nitanaswa. Nikasema nitulize pumzi kwanza. Halafu dumu likapita linaelea, nikalikumbatia, nikaenda. Nilikuwa nikiogelea na ninamsikia. Mpaka nafika kwenye mawe ninamsikia."

"Na ulipofika?"

"Mtumbwi ulikuwa bado unaelea. Kisha injini ikauvuta, na mawe ya kuzamishia nyavu. Ukazama."

Mama Favour alikuwa bado ameweka kiganja kwenye ule mtumbwi. "Watu walimtafuta siku nne," alisema. "Wewe ndiye uliyewaonyesha mahali. Uliwapeleka kule mbali, upande wa kisiwa."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Wangemkuta chini ya mtumbwi. Wangejua."

Kashindye alidhani mama yule atampiga. Watu wengine walikuwa wameanza kusogea. Lakini Mama Favour alikaa chini, mbele ya Chenge, magoti yao yakikaribia kugusana, na akalia kwa sauti ambayo Kashindye, aliyekuwa akisikiliza sauti kwa kazi, hakupata neno lake. Kinasa sauti kilikuwa mkobani. Hakukigusa.

Mama Favour alipomaliza kulia alisema, "Nipeleke."

Walikwenda watatu, jua likiwa juu ya vichwa. Nyuma ya mawe Chenge aliacha kupiga kafi, na mtumbwi ukasimama kama umewekwa juu ya kioo. Mama Favour alimwomba Kashindye ashushe waya wake. Akaushusha, akavaa hedifoni, akasikia kokoto, na wale samaki kwenye mawe.

Chenge aliteremka kwenye sakafu ya mtumbwi, akapiga magoti. Alikunja ngumi. Akagonga ubao, miwili taratibu, mitatu ya haraka, ule mdundo wa mwenzake.

"Obiero," alisema. "Nilikusikia. Siku zote nimesema sikukusikia. Nilikusikia."

Katika hedifoni wale samaki waliacha kula. Kashindye alikumbuka baadaye kwamba hilo ndilo lililomtia hofu kwanza: kimya kile, ziwa zima limeshika pumzi. Kisha, chini kabisa, karibu kuliko siku ile ya kwanza, ukaja mdundo mmoja. Mmoja tu. Alisubiri wa pili. Akasubiri mpaka kokoto zikaanza tena kusagana.

"Amejibu?" Mama Favour aliuliza. Alikuwa akiuangalia uso wake.

"Amejibu, mama. Mara moja."

Chenge aliweka paji la uso kwenye ubao na hakuinuka hadi Mama Favour aliposhika kafi mwenyewe na kuanza kuwarudisha.

Jioni ile Chenge alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti akampeleka polisi, nao wakaandika maelezo yake. Siku ya pili wavuvi sita walizama nyuma ya mawe kwa kamba na kulabu. Walikuta injini imekamatwa kwenye ufa wa jiwe, mbao tano za mgongo wa mtumbwi, na donge la nyavu lililoota majani ya majini. Ndani ya nyavu palikuwa na kiatu cha mpira. Zaidi ya hapo hawakupata kitu.

Wazee wa ukoo wa Obiero walikuja kutoka Rorya. Wajaluo, mtu wao akipotea majini na mwili usipatikane, huzika tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia mtini kama gogo kwenye kamba. Kwa miaka saba Mama Favour alikuwa amelikataa lile tunda. Alisema hawezi kumzika mtu ambaye huenda bado anakuja. Safari hii alilivisha shati la mumewe kwa mikono yake mwenyewe. Kashindye na Shangazi Suzana walisafiri na jeneza hadi Rorya, na mchungaji alipomaliza, ngoma za kanisa zilipigwa mpaka vumbi likapanda. Kwa mara ya kwanza Kashindye alimsikia Mama Favour akisema "marehemu mume wangu".

Chenge hakuja Rorya. Shauri lake lilikuwa bado polisi, na Mama Favour alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba samaki wake asilete tena. Lakini siku moja baada ya msiba alimpelekea mke wa Chenge nusu gunia la dagaa, na watu walipomuuliza sababu alisema tu kwamba watoto wa Chenge hawakupinduka na mtumbwi wowote.

Chuoni, Kashindye aliiondoa sauti ile kwenye gemu. Victor alinuna siku mbili.

"Bila ile hatuna kitu," alisema.

"Ile si yetu."

Alimkabidhi Mama Favour kadi yenye ile faili, akafuta nakala zote alizokuwa nazo, na Victor, baada ya kuambiwa kisa chote, akafuta za kwake bila kuombwa mara ya pili. Kisha Kashindye alichukua beseni kubwa la shangazi, akaligeuza kifudifudi ndani ya pipa la maji, akaingiza mkono chini na kugonga. Alifanya hivyo asubuhi nzima, akilowa hadi mabegani. Mdundo alioupata ulikuwa wa kawaida. Siku ya maonyesho watu walicheza gemu, wakapiga makofi, wakaenda kwenye meza nyingine. Mwalimu Nestory alicheza hadi mwisho.

"Haitishi kama ile," alisema.

"Najua, mwalimu."

Aliandika maksi zake, si za juu wala za chini, na hakuuliza ile iko wapi. Alikuwa amesikia kama watu wote wa Mwanza waliosikia.

Kashindye alimaliza chuo mwaka uliofuata, na siku hizi ananasa sauti za filamu na za matangazo ya redio. Waliofanya naye kazi wanasema ana tabia moja inayowachosha. Akinasa kitu, hata kama ni mwanamke anayetwanga au mvua juu ya bati, haanzi kukata wala kuchagua mpaka ameisikiliza faili yote toka mwanzo hadi mwisho, akiwa ameketi peke yake, mlango wazi. Ukimuuliza anatafuta nini, anasema hatafuti kitu. Anahakikisha tu kwamba humo ndani hakuna mtu.